Kurasa Zilizofunga Karanga

Nianze na unga, maana ugomvi wote nyumbani kwetu ulianzia hapo. Kole ya dukani, ile gundi ya karatasi, ilikuwa imepotea mjini tangu nchi jirani zitufungie mipaka, kama ilivyopotea sukari, kama yalivyopotea mafuta ya taa. Kwa hiyo nilikuwa nachukua kijiko kimoja cha unga wa muhogo, nakikoroga kwenye maji, nakiweka motoni mpaka kinakuwa kizito na kinang'aa, halafu nabandikia karatasi zangu. Kijiko kimoja kwa wiki nzima. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi hapa mtaani Musaga tangu vita vimtoe kilimani kwake, alikitazama kijiko hicho kama mtu anayemwona mwizi akitoka na mbuzi. Akawaambia majirani kwamba mwanawe ameoa mwanamke anayelisha karatasi.

Ni kweli, nililisha karatasi. Na ningeendelea kuzilisha hata kama angeniwekea bariyeri ya wanajeshi mlangoni.

Kaye yangu, daftari langu la kuchorea, haikuwa ya kununua. Bwana yangu alikuwa karani wa serikali, na mara mojamoja aliniletea fomu kuukuu zilizochapwa upande mmoja tu. Nilizikunja, nikazishona katikati kwa uzi niliofumua kwenye mfuko wa unga, nikazivisha jalada la boksi la sabuni. Kila siku ukurasa mmoja. Siku nyingine nilichora kwa kalamu. Siku nyingine nilikata kwa wembe: samaki wa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mgomba wa pakiti ya majani ya chai. Nilizungushia kalamu kwenye mkono wa binti yangu wa miaka minne kila mwezi, nione vidole vinavyokua. Pembeni niliandika maneno mafupi. Leo hakuna maji. Leo mdogo ameota jino. Leo risasi zimeanza kabla maharage hayajaiva.

Saa yangu ilikuwa saa nane mpaka saa tisa. Bwana yangu alikuwa amekwisha kula na kurudi ofisini, binti yangu amelala, mdogo wake wa miezi minane yuko mgongoni, maana ukimweka chini anakula kazi yako. Nguo nilikuwa nimefua, maji nilikuwa nimeteka alfajiri, maharage yako juu ya mbabura, jiko letu la makaa, na maharage hayahitaji macho yangu ili yachemke. Saa moja katika ishirini na nne. Hata punda hupumzishwa, na hakuna anayemuuliza anapumzika kwa faida gani.

Lakini mimi niliulizwa. Jirani mmoja, mwanamke wa kwaya, alisimama mlangoni siku moja akaniona na wembe, akasema kwa huruma ya uongo, "Mama, inchi inaungua, na we unakata maua ya karatasi."

Nikamuuliza nifanye nini basi, niizime kwa mate?

Hakurudi kwa wiki mbili. Sikumuulizia. Kilichoniudhi si yeye, ni kwamba bwana yangu, aliposimuliwa, aliniomba nifunge mlango ninapokata. Si kwamba niache, alisema, ila nifunge mlango. Nilimwambia kwamba yeye hunywa bia yake pale kona mlango ukiwa wazi, barabara nzima ikimwona, na inchi ni ileile inayoungua. Akainama kuvua viatu. Ni mtu mwema, bwana yangu, lakini wema wake unapenda kukaa kimya.

Tangu siku hiyo niliufungua mlango zaidi. Na nilifanya jambo jingine ambalo sikuliona kuwa kosa: nilianza kumwonyesha kaye kila aliyeingia. Wageni walipenda. Walicheka kwenye picha ya bwana yangu aliyelala mdomo wazi. Walicheka zaidi kwenye picha za mama mkwe, maana nilikuwa nimemchora mara nyingi na nilikuwa nimempata sawasawa: mama mkwe anatafuna, mama mkwe ananusa chungu changu, mama mkwe anawafukuza kuku wa jirani kwa kandambili. Yeye alikuwa amekaa palepale na sinia lake la karanga, akichambua. Nilidhani haoni, kwa sababu hajui kusoma. Sijui kwa nini nilidhani mtu asiyejua kusoma hajui uso wake.

Karanga zilikuwa biashara yake. Alizikaanga kwenye mchanga, akazibeba mpaka barabara kuu, karibu na bariyeri ya wanajeshi ambapo bisi za abiria za kwenda mjini zilisimama kukaguliwa. Aliuza kwa kipimo cha kikombe kidogo, kila kipimo kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Na karatasi za kusokota nazo zilikuwa shida kama kole.

Ijumaa moja saa nane nikanyoosha mkono juu ya kabati, nikashusha kaye, nikaona imekonda.

Niliifungua. Katikati, penye uzi, kulikuwa na mabaki ya karatasi yaliyochanika kama meno ya msumeno. Sikuhesabu wala sikufikiri. Nilimfunga mdogo vizuri mgongoni, nikamwamsha binti yangu nikampeleka kwa jirani yuleyule wa kwaya, ndiyo, sikuwa na mwingine, nikateremka barabarani nikikimbia.

Mama mkwe alikuwa ametoka pale zamani kidogo. Sinia lilikuwa limeisha na yeye alikuwa amerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Waliobaki walikuwa abiria waliopanga mstari na vitambulisho mkononi, na wengi wao walikuwa wanatafuna. Niliwatazama mikono. Mmoja alikuwa amekwisha kutupa karatasi yake mtaroni, nikaiokota, ilikuwa ya gazeti. Bisi moja ikaondoka kwenda mjini na nikaona kwenye dirisha mkono ulioshika karatasi nyeupe yenye wino, sikuweza kuisimamisha. Nani angeisimamisha? Ningemwambia dereva nini?

Halafu nikamwona mwanajeshi. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, bunduki imelala magotini, pembe ya karatasi mkononi, anarusha karanga moja moja kinywani. Kwenye pembe hiyo nilitambua mstari wa kalamu yangu. Mtu anatambua mstari wake kama anavyotambua kilio cha mtoto wake.

Nilimwendea. Wote waliokuwa kwenye mstari walinitazama kama ninakwenda kufa. Nilimwambia hiyo karatasi ni yangu, naiomba.

Akanitazama, akamtazama mdogo mgongoni. "Unataka karanga ao unataka karatasi?"

"Karatasi, afande."

"Basi ngoja nimalize."

Nikangoja. Hakuharakisha. Alikula moja moja mpaka ya mwisho, na mimi nilisimama pale juani nimeweka mikono kiunoni, jambo ambalo mwanamke mwenye akili hafanyi mbele ya mwanajeshi, lakini akili yangu ilikuwa imeondoka na ile bisi. Alipomaliza akaifungua karatasi, akaipangusa kwenye suruali, akaitazama muda mrefu.

"Huyu mutu ni nani?"

"Mama mukwe wangu."

"Na umemuchora bila kitambaa ku kichwa?" Akawageukia wenzake, akawaonyesha. "Muone. Anakula kwa mama ya bwana yake, halafu anamuvua nguo ku karatasi. Kwetu ungerudishwa kwenu asubuhi, na kaye yako ku kichwa."

Walicheka. Abiria wengine nao walicheka, kwa sababu wanajeshi wakicheka kila mtu anapumua. Nilinyoosha mkono tu mpaka akaniwekea karatasi. Ilikuwa imelowa mafuta ya karanga hata mwanga ulipita. Nilimwambia asante kwa sauti ya mtu anayetukana.

Njiani kupanda nyumbani ndipo niliikunjua vizuri. Ilikuwa picha niliyochora siku mama mkwe alipofika kwetu. Alikuwa ametembea tangu kilimani, akaketi ukutani mwa ua, kichwa wazi, nywele nyeupe zimejaa majani makavu, mkono mmoja juu ya goti. Nilimwekea maji motoni aoge, na maji yalipokuwa yanapata moto nikachora. Niliiona kuwa picha yangu bora kuliko zote. Bado naiona hivyo.

Nilipofika nikachukua kaye, nikapitisha kidole kwenye mabaki ya kurasa. Mikono ya binti yangu ilikuwepo yote. Samaki walikuwepo. Bwana yangu na mdomo wake wazi alikuwepo. Kurasa zilizoondoka hazikuwa za mwanzo wala za mwisho, zilikuwa zimechaguliwa, moja hapa, tatu kule. Zote zilikuwa za mama mkwe. Haukubaki hata mmoja.

Alikuwa nyuma ya nyumba, anachekecha mchanga wa kukaangia. Kwetu mkaza mwana hasemi kwa ukali na mama wa bwana wake. Anakaa chini kidogo, anasema polepole, anaanza na habari za mgongo na magoti. Mimi nilisema nikiwa nimesimama. Nilimuuliza kwa nini ameichana kaye yangu.

Hakuacha kuchekecha. "Kaye yako sijaichana. Nimechukua vitu vyangu."

"Vitu vyako vipi?"

"Ile ni sura yangu. Kila mugeni akiingia unamufungulia, anacheka. Sasa nimeuza mwenyewe. Kama ni kuchekwa, na mi nipate kitu."

Nilimwonyesha picha niliyoitoa kwa mwanajeshi. Nilimwambia hii hakuna mgeni aliyeicheka nyumbani, hii ni nzuri, wageni waliinyamazia. Akaitazama mara moja akageuza uso. Nilisema mengi, siwezi kuyaandika yote kwa kuwa mengine ni aibu. Nilisema nimechora nilichokiona. Nilisema alikuja kichwa wazi na macho yangu hayakusema uongo.

Hapo ndipo aliweka chekeche chini. "Ulichora kichwa. Hukuniuliza kitambaa iko wapi."

Nilikuwa nimeishi naye mwaka mzima. Nilikuwa najua anapenda chumvi kiasi gani, anakoroma upande upi, lakini swali hilo sikuwahi kuuliza. Nilimwona, nikakimbilia kalamu. Alikuwa na haki nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa yangu na sikuwa tayari kuiachia. Kama angetaka niache kuchora nyumbani mwangu, angeanza kwanza kunikata mkono.

Sikuomba msamaha. Nilimwambia hivi: kesho saa nane ninachora tena picha hiyo. Ukitaka, kaa uniambie nilipokosea. Usipotaka, nitakosea tena.

Jioni bwana yangu alisikia habari kutoka kwa kila mtu isipokuwa mimi. Alisema ni karatasi tu, mama watoto, nitakuletea zingine Jumatatu. Nilimuuliza kama siku moja akikuta faili zake zote zimefunga karanga atasema ni karatasi tu. Akasema faili ni kazi. Neno hilo lilinikaa kooni usiku kucha kama mwiba wa samaki ndagala.

Jumamosi saa nane ikafika. Niliketi mlangoni, mlango wazi, nikaweka fomu moja iliyokuwa imebaki juu ya ubao. Milio ya risasi vilimani ilikuwa ya mbali siku hiyo, hakuna aliyeijali. Mama mkwe alitoka na kigoda chake, akakaa, lakini alinipa mgongo. Nikaanza na ukuta. Nikaweka goti, nikaweka mkono. Nilipofika kichwani nikasimamisha kalamu.

"Kitambaa kilikuwa wapi, Mama?"

Alisema akitazama barabara. Alisema walikuwa wawili walioteremka, yeye na mwanamke wa jirani, rafiki yake tangu wakiwa mabibi harusi. Yule alipigwa risasi kwenye njia ya migombani. Hapakuwa na wakati wa kumzika. "Nilimufunga taya na kile kitambaa. Asibaki kinywa wazi, ndege wakimuangalia." Alisema hivyo kama mtu anayesema amefunga mlango wa zizi. Halafu akaongeza kwamba kilikuwa kijani, na si kijani kile cha jeshi, kijani cha majani ya maharage machanga.

Sikuwa na kijani hicho. Nilitafuta kwenye boksi langu la vipande, nikapata karatasi ya sabuni iliyokaribia, nikakata kipande kidogo chenye ncha mbili za fundo. Nikamuuliza nikiweke wapi. Aligeuka kwa mara ya kwanza, akaitazama karatasi, akaweka kidole pembeni kabisa, juu, mbali na kichwa chake, upande wa vilima, mahali ambapo sikuwa nimechora chochote.

"Hapo."

Nilikuwa ninachovya kidole kwenye kole. Mdogo, ambaye siku hiyo nilikuwa nimemlaza kitandani, akaanza kulia ndani. Bwana yangu akachungulia mlangoni, akasema mtoto analia. Mama mkwe akanitazama aone nitafanya nini.

Nilimwambia baba yake amchukue. Mimi niko kazini.