Korosho Juu ya Doa

Nguo za wanawake wa pwani zimesifiwa sana, na kila anayezisifia husema zilizaliwa na mapenzi, na furaha, na sijui nini. Mimi siyaamini hayo. Ninavyowajua watu wa Bagamoyo, na ninawajua kwa kuwa ni watu wangu, nguo ilikuwa kwanza ya kuonyesha nani anaweza kumtuma nani. Anayetaka ushahidi nitampa maisha ya Sikuzani, fundi wa nguo za bei nafuu, aliyekaa mtaa wa Magomeni, hapo hapo Bagamoyo, miaka michache kabla ya Wadachi kupandisha bendera yao pale mjini.

Sikuzani hakuzaliwa Bagamoyo. Aliletwa na msafara kutoka bara akiwa mdogo kiasi kwamba hata jina la mamaye alilisahau njiani. Alinunuliwa na Mbaruk, mfanyabiashara wa pembe mwenye asili ya Oman, akakulia nyumbani kwake akifagia na kutwanga, na baadaye akimlea binti yake, Sabah. Sabah alijifunza kutembea kwa kushika upindo wa kaniki ya Sikuzani. Kaniki, ile nguo nyeusi isiyo na urembo wowote, ndiyo waliyovaa wajakazi: moja tu, imefungwa chini ya kwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Mjakazi akifunika kichwa alichapwa. Kufunika kichwa kulikuwa haki ya muungwana, aliyejitanda ukaya, kitambaa chepesi kirefu kinachopita chini ya kidevu na kuning'inia mgongoni.

Mbaruk alipokuwa anakufa aliingiwa na hofu ya kaburi, kama matajiri wengi wanavyoingiwa saa hiyo na si kabla, akamwacha huru Sikuzani mbele ya mashahidi. Mkewe, Bi Shaikha, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Hakumpinga, maana hakuna anayegombana na mtu anayekata roho. Lakini neno aliliweka moyoni, na Bi Shaikha hakuwa mtu wa kusahau alichoweka.

Kitu cha kwanza Sikuzani alichokitafuta baada ya kutoka kwenye nyumba ile kilikuwa ukaya. Alijitanda katika jua la adhuhuri mpaka jasho likamchuruzika, akapita mbele ya mlango wa Bi Shaikha, akaenda mpaka mwisho wa njia, akarudi, akapita tena. Hakuwa na shughuli yoyote upande ule. Hapo alijitakia, ukiniuliza mimi. Lakini sijapata kulazimishwa kukaa kichwa wazi maisha yangu yote, basi labda sina haki ya kusema.

Kazi yake aliibuni mwenyewe. Marobota ya merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, yalishushwa ufukweni kwa mabega ya wachukuzi, na hayakukosa kuangukaanguka majini. Nguo iliyolowa maji ya chumvi ilikauka na madoa ya ukungu na kutu, na wenye misafara hawakuitaka, kwa sababu watu wa bara walijua kuchagua. Sikuzani aliichukua kwa bei ya kutupa. Alichonga kipande cha mninga kwa umbo la korosho, akachemsha magome ya mikoko mpaka yakatoa rangi ya damu ya mzee, akagonga korosho juu ya kila doa. Penye madoa mengi, korosho nyingi. Palipo safi, alipaacha. Hazikupatikana nguo mbili zilizofanana, na aliyevaa hakujua chini ya korosho zake kuna nini.

Wateja wake walikuwa waungwana wa jina, wake za wavuvi na wauza mihogo, walioona haya kuvaa kaniki na hawakumudu vitambaa vya dukani kwa Wahindi. Walimlipa kwa kuku, kwa nazi, kwa chochote. Na hawakununua nguo peke yake, walinunua na ulimi wake.

"Wewe mfupi, usijifunge pana, utaonekana tenga," alimwambia mmoja. "Upindo usiukate. Ukunje juu, mwakani ukichakaa chini utageuza."

Mwingine alimtazama nyuma, akatikisa kichwa. "Mungu hakukupa nyonga, haya, mimi nitakupa. Korosho zote tunazipeleka huku."

Sihaba, muuza mihogo, alikuwa na uwezo wa nguo moja tu. Sikuzani alimfundisha kuivaa ndani nje asubuhi sokoni, upande ambao korosho zilionekana zimefifia, kisha kuigeuza jioni akienda ngomani. "Watadhani unazo mbili," alimwambia, na kweli walidhani. Wanawake wale waliingia uani kwake wameinama na kutoka wakitembea kama wenye mji. Hilo nampa, alikuwa na mkono.

Roho ndiyo simpi. Sikuzani hakuwauzia wajakazi. Alijua kwamba siku korosho itakapoonekana kwenye mwili wa mtumwa, hakuna muungwana atakayeigusa tena, awe fukara namna gani. Hiyo ni biashara, na biashara naielewa. Lakini yeye aliifurahia ile kanuni.

Alikuwako msichana mmoja kwa Bi Shaikha jina lake Ashura, aliyeletwa kutoka bara kama Sikuzani alivyoletwa, na sasa alilala jikoni kwenye kona ile ile aliyolala Sikuzani. Kila alipotumwa kisimani alipitia Magomeni, akasimama nje ya ua kutazama nguo zikikauka kambani. Siku moja alipiga moyo konde, akaingia na yai mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu Sikuzani kwa kuivuta, maana hapakuwa na mwingine duniani aliyemwamkia hivyo.

"Naomba kipande, bibi. Hata cha makombo ya kitambaa. Nitakiweka tu, sitakivaa."

Sikuzani alilichukua lile yai, akaligeuza, akamrudishia. "Kaniki yako inakutosha. Na usishike kamba yangu, mikono ina masizi."

Ashura aliitazama mikono yake, akaificha nyuma, akatoka. Kesho yake alisimama tena pale pale nje ya ua.

Mwaka huo Sabah alichumbiwa. Siku moja alipopelekwa kuwazuru jamaa zake alimwomba aliyemsindikiza wapite Magomeni, akashuka kwenye punda, akamkumbatia yaya yake mbele ya wateja. "Harusini hutakaa uani, yaya," alimwambia. "Utakaa juu ya zulia na wageni, karibu yangu. Nimeshamwambia mama."

Nadhani Sikuzani hakulala vizuri tena baada ya maneno hayo. Uhuru alioachiwa na marehemu ulikuwa maneno ya mgonjwa na mashahidi wawili watatu. Akiketi juu ya zulia lile, mbele ya wanawake wote wakubwa wa mji, hakuna ambaye angemwambia tena kashike ufagio. Alilitaka zulia lile kuliko alivyotaka kula.

Haikupita wiki, Bi Shaikha mwenyewe akaja, barakoa usoni, suruali ya marinda hadi kwenye vifundo, mjakazi nyuma amemshikia mwavuli. Nyuma yao walifuata wachukuzi na majora ya merikani mapya, makavu, meupe kabisa.

"Nasikia sifa zako kila ninapokwenda," alisema. "Nataka nguo za harusi ya Sabah. Zote sawasawa. Usinitofautishie hata korosho moja."

"Za akina nani, bibi?"

"Wewe gonga. Siku ya harusi utaona zimevaliwa na nani."

Mtu mwingine angeuliza tena. Sikuzani alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo swali la pili lilijibiwa kwa kofi, naye aliuona uhuru kichwani tu, kwenye ukaya; bado ulikuwa haujashuka mdomoni. Halafu tusimfiche, kichwa kilikuwa kimeshavimba. Alishaona wageni wote wa kike juu ya zulia wamevaa korosho zake, naye katikati yao.

Kazi ilimtesa. Alizoea kuanzia kwenye doa, na nguo hizi hazikuwa na doa. Alikaa na muhuri wake mkononi mbele ya weupe ule asijue aanzie wapi, mpaka akaamua kupanga mistari, akaifuata mpaka vidole vikawa vyekundu na havitakati. Alipomaliza, kilibaki kipande. Akajigongea nguo ya kwake, mistari ile ile, korosho zile zile, ili akiketi na wageni asitofautiane nao. Naandika hapa na ninatamani kumnyang'anya ule muhuri.

Siku ya harusi alijifunga nguo yake, akajitanda ukaya uliofuliwa, akajifukiza udi, akaenda mlango wa mbele. Mama mmoja aliyewekwa kupokea wageni alimtazama ile nguo kutoka juu hadi chini.

"Wenzako wako uani. Zunguka nyuma."

"Mimi mgeni, mama. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyenialika."

"Zunguka nyuma, unawazibia watu njia."

Nyuma yake wageni walikuwa wanangoja, wamevaa hariri. Hakuna hata mmoja aliyevaa korosho. Sikuzani alizunguka nyuma akidhani kuna kosa fulani ambalo mtu anayemjua angelisahihisha.

Uani walikuwako wajakazi wote wa nyumba, na walioazimwa nyumba za jirani. Walikuwa wakitwanga, wakinyonyoa kuku, wakichochea moto chini ya masufuria, mabega wazi, vichwa wazi, na kila mmoja amejifunga korosho. Damu ya kuku ilikuwa imerukia nguo zile, na majivu, na samli. Alisimama mlangoni, na alifahamu papo hapo, mjinga hakuwa.

Ashura ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, amejipaka mafuta ya nazi, anang'aa. Nguo nzuri hakupata kuigusa maisha yake yote, na asubuhi ile alikuwa amevalishwa moja nzima, tena mpya. Alisahau adabu zote alizofundishwa. "Dada!" aliita kwa furaha ya kweli. "Dada Sikuzani, tazama, tumefanana!" Akasogea, akapigapiga mkeka kando yake. "Kaa hapa, dada. Nafasi ipo."

Angeitwa mbwa angestahimili. Sikuzani alimrukia yule msichana, akaishika nguo kifuani, akaivuta. Ashura hakuelewa, alidhani mwenzake anaanguka, akamshika. Nguo ilipasuka kutoka juu hadi chini ikatoka yote, na chini yake hapakuwa na kitu, kwa sababu kaniki zao zilikuwa zimekusanywa asubuhi. Alijikunja uchi mbele ya wapishi wanaume na wachukuzi, wakacheka, na wanawake wakacheka pia, mimi siwatoi. Katika kule kuvutana ukaya wa Sikuzani ulikuwa umeanguka mkekani. Ashura aliukamata, akajifunika nao alivyoweza, kuanzia kichwani.

Bi Shaikha alikuwa amesimama kwenye ngazi, na sidhani kwamba ndiyo kwanza alikuwa amefika.

"Mkimaliza kugombea nguo," alisema, "wageni wanangoja maji ya kunawa."

Juu ya vichwa vyao dirisha la chumba cha bibi harusi lilikuwa wazi. Sauti ya Sabah ilitoka humo. "Mama, nani hao wanaopiga kelele?"

"Wajakazi, mwanangu."

"Waambie wanyamaze. Kichwa kinaniuma."

Sikuzani aliinua uso. Sauti ile aliifundisha yeye kusema maneno yake ya kwanza, na alifumbua mdomo aiite. Bi Shaikha alimngoja kwa utulivu kabisa. "Mwite," alisema. "Mwambie yaya yake yuko huku uani, amemvua mtu nguo harusini kwake."

Hakumwita. Alitoka kwa mlango wa nyuma, kichwa wazi, na nyuma yake mtu alikuwa tayari ameokota birika.

Kesho yake Ashura alichapwa. Hakuchapwa kwa ugomvi, kwani ugomvi ulimfurahisha bibi yake. Alichapwa kwa kufunika kichwa kwa ukaya, na alichapwa akiwa ameuvaa, ili ajue anachapwa kwa ajili gani. Siku hiyo hiyo Sihaba alifika Magomeni, akaitupa nguo yake juu ya ua bila kuingia, akaondoka amejifunga gunia. Wengine walifuata. Mpaka jioni ua wa Sikuzani ulikuwa umejaa korosho ambazo hakuna muungwana angezivaa tena.

Siku chache baadaye Ashura alikuja, katika kaniki yake, akitembea mgongo umekakamaa. Safari hii aliingia.

"Shikamoo, bibi," alisema. Neno dada hakulirudia tena. "Bi Shaikha amesema hiki ni chako, asisemwe kwamba amekidhulumu."

Sikuzani aliupokea ule ukaya wake, akaukunjua. Katikati, pale unapokaa mgongoni, palikuwa na damu iliyokauka. Aliupeleka kwenye maji, akasugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Doa lilipauka lakini halikutoka. Ashura alisimama, anatazama mtu akihangaika na damu yake.

Sikuzani akainuka, akautafuta ule muhuri wa mninga alikokuwa ameutupa, akaukung'uta mchanga, akauchovya kwenye rangi iliyobaki, akagonga. Korosho moja haikutosha. Akagonga ya pili pembeni, na ya tatu, mpaka doa likawa halionekani. Alijua mji mzima sasa unaijua korosho ni alama ya nani. Kati ya alama ile na ile damu alichagua alama. Akaupuliza ukaya ukauke, akajitanda, akaupitisha chini ya kidevu kama waungwana wanavyofanya.

Ndipo akamwona Ashura bado amesimama.

"Unangoja nini?" alimwambia. "Nenda zako, na usishike kamba yangu."