Maharagi ya papa yalivyookoa ordinateur yangu: concours ya data za mimea, Kisangani

Wakuu, salamu kutoka Kisangani, mtaa wa Kabondo.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na wa kuniumbua wamo humu ndani, kwa hiyo sitatia chumvi. Kiswahili changu kina Kifaransa kingi, mnivumilie, ndivyo tunavyoongea huku.

Mimi ni mtoto wa mfanyabiashara. Papa alitoka Kivu Kaskazini zamani, akafungua duka la jumla hapa: maharagi, viazi, vitunguu. Vita vya mashariki vilipopamba moto, barabara ikawa ya kubahatisha. Camion inapakia, inaondoka, hujui kama itafika. Duka likabaki na magunia matupu.

Na mimi katikati ya shida hiyo yote nimekaa na ordinateur, naandika program. Jamani, papa alinichoka!

Nikamweleza kuna concours, yaani mashindano. Duniani kuna hazina ya data za mimea na wanyama, iko wazi kwa kila mtu, bure. Wanataka watu wabuni kitu kipya cha kuitumia. Papa alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Gratien, hiyo mashini tutaiuza. Duka iko tupu."

Nikamwomba asubiri matokeo.

"Bon. Concours ikiisha na hauna kitu, inauzwa. Na wewe unaingia kwa duka."

Wakuu, bila ile mashini mimi ni muuza vitunguu asiye na vitunguu. Sikuwa na utani tena.

Mwenzangu alikuwa Mado, dada mmoja wa Yanonge, amesoma biolojia. Yeye anajua mimea, mimi najua kuandika program. Anacheka sana huyo, lakini ukikosea kazi atakusema mpaka uone aibu.

Tulipoweka data za zamani za huku kwenye ramani, tukashangaa. Nukta zimerundikana katikati ya mji wetu, mpaka sokoni! Mado akafungua moja: majani yaliyochumwa enzi za wakoloni, mahali pameandikwa jina la kale la Kisangani.

"Haya majani yanataka baridi," akasema. "Na hili joto letu, yangekufa kabla ya mwezi kuisha."

Basi tukafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Tukaandika program ya kutafuta rekodi za uongo na kuzifuta. Ikafuta kweli kweli. Ramani ikawa safi, tukapongezana.

Halafu Mado akaona milima ya mashariki imebaki tupu, kana kwamba hakujawahi kuota kitu. Akaacha kucheka. Mado akiacha kucheka ujue mambo ni mabaya. Siku za kutuma kazi zilikuwa zinaisha.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Pale dukani mama mmoja anamuuliza papa kama kuna maharagi ya Butembo, ule mji wa Kivu Kaskazini. Papa anajibu hayajafika. Swali hilo nimelisikia tangu utoto, ila siku hiyo likanigonga.

"Papa, ile maharagi inalimwa Butembo?"

"Butembo wapi! Inalimwa kule kwetu kwa milima. Butembo wanapakia tu."

Yesu wangu! Nilimkumbatia papa mbele ya mteja, akadhani malaria imenipanda kichwani.

Wakuu, nyinyi mnaojua biashara mmeshaelewa. Huku mali inabeba jina la mahali ilipopakiwa. Na wale wazungu wa zamani walikuwa wanachuma majani milimani, wanayaleta Kisangani, wanayapakia kwenye boti kwenda kwao. Huko mtu anafungua sanduku, anaona limetoka Kisangani, anaandika Kisangani. Hakudanganya. Ila hakuwa mchuuzi.

Donc, hatukutakiwa kufuta. Tulitakiwa kurudisha.

Nikaandika upya program yote. Inamfuata mchumaji jinsi papa anavyofuatilia camion yake: wiki hiyo alikuwa wapi, alipita njia gani, mmea wenyewe unaota kwenye mwinuko gani. Halafu inapendekeza majani yalikotoka, na inasema ina uhakika kiasi gani. Mado akakagua kila pendekezo, mengine akayakataa bila huruma. Connexion ya intaneti ilitutesa, lakini kazi ikaenda.

Majaji wakatuita kwa video. Mmoja akauliza wazo tulilitoa kwenye kitabu gani. Mado akanikanyaga mguu chini ya meza nisije nikajifanya profesa. Nikawaambia: kwenye maharagi ya papa. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Yule jaji akacheka, halafu akaanza kuandika mbio mbio.

Tumeshinda, wakuu. TUMESHINDA! Watu wa Kisangani, vita iko pale, barabara imekatika, na tumeshinda. Nitajisifu mpaka mchoke.

Nikampelekea papa ordinateur dukani. Kuhusu ushindi hakuuliza sana. Akasema, "Nionyeshe kwetu."

Nikasogeza ramani mpaka kwenye milima ya Lubero. Kulikuwa na nukta moja, majani madogo tu, ambayo mwanzo yalikuwa yamekaa katikati ya soko letu. Sasa yako kwenye mlima ambako papa alizaliwa, mlima asioweza kuukanyaga tangu vita ifike huko.

Papa akaweka kidole kwenye skrini. "Iko hapa," akasema. "Mulima yetu iko hapa." Akalia, na mimi nikalia.

Ninachowaachia ni hiki: ukienda kwenye mambo makubwa, nenda na ya dukani kwenu. Mimi karibu niyaache mlangoni.

Sasa nileteeni na nyinyi: kwenu ni mali gani inaitwa kwa jina la mahali isipolimwa? Mado anazitaka zote.

Nikichelewa kujibu msininunie. Ordinateur iko dukani, papa anaonyesha wateja mlima wake, na hataki kuirudisha.