Mate Mekundu Kwenye Jina la Kalpana

Mate ya tambuu, lile jani la kutafuna, yakishakauka kwenye shaba hayatoki kwa maji matupu. Utayasugua kwa brashi, maji yatageuka rangi ya damu, na harufu ya chokaa na popoo itakukaa puani mpaka chakula cha mchana. Mie nayajua haya kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu kila asubuhi kwa wiki tano, hapa Rayners Lane, ughaibuni, na wallahi haimo kwenye mkataba wangu.

Mkataba unasema nimwangalie Mzee Bhanu: nimpe dawa, nimpashie uji, nimtembeze. Mzee ana miaka sabini na tisa, mzaliwa wa Tanga, na amepiga watu picha tangu ujana wake, kwanza kwenye studio ya baba yake, kisha kwenye duka lake mwenyewe karibu na stesheni. Sasa mikono inamtetemeka, hata kikombe namshikia. Mkewe Kalpana alipofariki, majivu yakamwagwa baharini, na watoto wakamwekea benchi la kumbukumbu bustanini. Chini, kwenye saruji mbele ya benchi, kikatiwa kibao cha shaba chenye jina lake. Hapo ndipo mtu alipoona panafaa kutemea.

Ofisi ya bustani ikaandika barua. Malalamiko yamezidi, benchi litang'olewa mwisho wa mwezi, isipokuwa tupeleke picha ya mtu huyo inayoonekana vizuri. Mzee aliisoma mara tatu. "Ghalia," akaniambia, "wakiling'oa lile, sina pengine pa kukaa naye."

Tukaanza kwenda mapema, kabla ya saa moja, tukajibanza ng'ambo ya bustani. Siku ya kwanza mzee alipiga picha kwa mkono, yule mtu akatoka kama uji uliomwagika. Nikamwambia nipige mie kwa simu.

"Simu ya nini? Tuko mbali, kuna ukungu, mwanga hakuna. Kesho nitolee stendi kabatini."

Stendi yenyewe ya miguu mitatu, nzito kuliko mwanangu wa mwisho. Nikaibeba, na yeye nyuma yangu anatoa amri. "Miguu ididimize kwenye udongo, nyasi zinateleza. Nguzo ya kati usiipandishe, itayumba. Tundika mkoba wako hapo katikati, upepo usiitikise." Mkoba wangu, wenye chakula changu. Kamera hakuigusa kabisa. Alishika waya mrefu wenye kitufe, mikono ikatetemeka ipendavyo, kamera ikatulia tuli.

Saa moja na robo akaja mtu, kofia mpaka kwenye nyusi, skafu mpaka kidevuni. Akaketi, akashusha skafu, akatafuna weee. Kisha akainama na kuyaachia mate yashuke taratibu, kama mtu aliye chooni kwake. Mzee akabonyeza mara nne.

Nyumbani akaikuza picha kwenye kompyuta. Ilitoka safi, unywele mmoja mmoja wa masharubu ungeuhesabu. Uzi mwekundu ulining'inia kutoka mdomoni, juu kabisa ya jina. Na sura ilikuwa ya Dhiren, ndugu yake Kalpana, baba mmoja mama mmoja, aliyelia kuliko wote siku benchi lilipowekwa. Mke wa Dhiren hataki tambuu nyumbani kwake. Kumbe bwana anakuja kutafunia kwa dada yake.

Kinyaa kilichonishika hapo hakikuwa cha mate tena.

"Ipeleke ofisini leo hii," nikasema.

"Kwanza aione mwenyewe," mzee akajibu.

Akaichapisha kubwa, akaitia fremu, nikaitundika sebuleni kando ya picha ya Kalpana yenye shada la maua. Jumamosi Dhiren akaja kunywa chai, shavu limemvimba kwa tambuu. Akaketi. "Shemeji, nimesikia habari za benchi," akasema. "Watu siku hizi hawana haya." Halafu akainua macho.

Akajiona ukutani. "Mimi macho yangu..." akaanza.

"Yangu pia mabovu," mzee akamkata, "na mikono ndiyo hii. Ndiyo maana natumia stendi. Jumatatu picha hii inakwenda ofisini, labda uende wewe ukaseme kwa mdomo wako."

Mdomo wenyewe ulikuwa umejaa. Dhiren akatazama zulia, nililolipiga brashi asubuhi ile. Akatazama mlango, na mlangoni nimesimama mie, na ndoo yangu na brashi yangu, na sikumpisha. Akamtazama dada yake ukutani. Akameza. Yote, na chokaa yake na popoo yake, nikaona koo linapanda na kushuka na machozi yanamlenga.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema.

Nikampa ndoo na brashi.