Siku Nilipotundikwa kwa Kikwembe cha Mama

Mukitaka kunicheka, ngojeni nimalize kwanza, kwa sababu hata mimi nikikumbuka siku ile nafunika uso kwa mikono, ingawa niko peke yangu chumbani.

Munajua mimi na kachi, ile mieleka ya ringini. Tangu utotoni nilikuwa naenda kwa jirani yetu hapa mtaani Bigo, aliyekuwa na kasete moja ya onyesho la zamani la kachi, tukaitazama mpaka picha ikawa inatetemeka, na nilijua kila kitu: lini bingwa anapanda kona ya ringi, lini anatandaza joho lake kama mabawa, lini anaruka na kumwangukia mpinzani. Nikasema, siku moja ni mimi. Basi ikafika, pambano langu la kwanza, alasiri, kwenye uwanja mmoja kule Shari, jina langu Tai ya Bigo (hapo munaweza kucheka), na mpinzani wangu Simba ya Niania, mutu mwenye shingo kama kinu, anayeogopwa kwa dawa zake za kiganga, maana kwetu kachi bila dawa watu wanaona ni mazoezi tu.

Joho sikuwa nalo. Nikaona kwenye kamba ya nguo kikwembe cha mama, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, sare ya korale yao ya kanisani, kilichokuwa kinakaushwa kwa ajili ya Jumapili, siku ya Mungu, kwa sababu mama alikuwa aimbe peke yake mbele ya kanisa lote, mara ya kwanza tangu tukimbie vita kijijini kwetu Djugu. Nikajisemea, saa moja tu, nitakirudisha kabla hajauliza. Nikakifunga shingoni, fundo mara mbili, ili kisianguke (laiti ningefunga mara moja).

Nikapanda kona, nikatandaza mabawa, nikaruka. Mimi nilienda, kikwembe kikabaki. Kilinasa kwenye chuma cha kona, nikaning'inia hewani, vidole vya miguu vikitafuta sakafu na kuikosa, fundo likaanza kubana. Nikapunga mikono niokolewe, watu wakapiga makofi. Walidhani dawa ya Simba ndiyo imenishika hewani, hawajawahi kuona dawa kali namna ile, na kadiri nilivyorusha miguu ndivyo ngoma zilivyozidi. Refa naye akakaa mbali (alisema baadaye aliogopa dawa isimurukie). Katikati ya kelele nikasikia mama mmoja wa korale akiuliza, "Ile si kikwembe yetu?"

Aliyeelewa alikuwa mmoja tu. Simba alikuja akinguruma, akanikamata kiunoni kama anataka kunivunja, akaninyanyua ili shingo ipate nafasi, akanong'ona: "Mudogo, pumua. Lia kidogo, watu iko naangalia. Miye nakushika."

Nikalia, na sikuigiza. Akapasua kikwembe kwa meno karibu na fundo (watu wakasema anakula roho yangu), akanilaza chini taratibu kama mutoto wa kunyonya, kisha akajiangusha mwenyewe na kunivuta juu yake, hata leo wengine wanasema nilishinda.

Asubuhi yake, kabla sijapata uongo wa kumwambia mama, Simba akafika nyumbani amevaa shati ya pasi, kikwembe alichokitoa ringini kiko mikononi. "Mama, ni miye nilipasua. Usimupige."

Mama akaangalia mpasuko, akaangalia alama nyekundu shingoni mwangu. "Kikwembe nitashona," akasema. "Shingo ya huyu singeweza."

Siku ya Mungu akaimba na kiraka kiunoni, sauti ile ile ya Djugu, na Simba kwenye benchi ya nyuma akajifuta macho kwa kiganja.

Majuzi nilimwomba jirani tuitazame tena kasete yetu. Miaka yote nilikuwa namtazama anayeruka. Safari hii nilimtazama yule wa chini, anayepigwa, na nikaona kila mara, kabla bingwa hajafika, anafungua mikono kidogo na kumpokea.

Kamba ya nguo za mama siigusi tena. Na nikipewa kuchagua, siku hizi mimi naomba niwe yule wa chini.