Upande wa Pili wa Benchi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla rafiki yangu Godlisten hajawasimulia kwa chumvi zake: nilimwangusha bibi yangu kanisani, tena Injili ikisomwa.

Enzi zetu (na anayemcheka mwanafunzi wa kidato cha tatu kusema "enzi zetu" akae kwanza kwenye kiti chake cha plastiki asikilize), enzi zetu kanisa letu la Kikwe lilikuwa na mabenchi. Marefu, ya mbao za grevilea, kila ukoo ulichongesha la kwake, kwa hiyo hakuna mawili yaliyolingana kimo. Ukikaa la kina Godlisten magoti yanagusa kidevu. Ukikaa la kwetu miguu inaning'inia. Jua likiingia dirishani mapaja yananata kwenye mbao, na kulikuwa na msumari mmoja uliokula suruali za Jumapili za watoto wa kijiji kizima. Na benchi halikuwahi kujaa! Akifika mama na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, unasikia tu, "Songeni, songeni," makalio yanasogea, nafasi inapatikana. Kwa harufu peke yake ulijua jirani yako amekunywa chai ya tangawizi au ametoka mbio zizini bila kunawa.

Mwalimu wetu wa Sande skuli, dada Elitumaini, alipenda kutuonyesha kwamba Biblia inajali sana mtu amekaa wapi na amekaa na nani. Yesu aliwasema wakubwa waliogombea viti vya mbele kwenye masinagogi. Alifundisha kwamba ukialikwa, anza kukaa kule mwisho. Umati wenye njaa aliukalisha majanini, makundi makundi, hakuna meza kuu. Yakobo naye akawawakia wanaompa tajiri kiti kizuri huku maskini wakimkalisha chini. Na Zaburi ya kwanza kabisa inamsifu mtu asiyekaa baraza moja na wenye mizaha. Hapo dada Elitumaini alitutazama sisi wa benchi la nyuma mmoja mmoja. Kuanzia siku hiyo tukajiita Baraza la Wenye Mizaha. Mwenyekiti, mimi.

Katika mafundisho yote hayo nilishika moja tu: kuhani Eli, mzee mzito, alianguka chali kutoka kwenye kiti chake. Mtu anaangukaje kutoka kwenye kiti? Nilitaka kuona.

Benchi letu la nyuma miguu yake ilipigiliwa karibu na katikati, ncha zote mbili zikabaki hewani. Wengine wakisimama ghafla, aliyebaki kwenye ncha amekwenda na maji. Godlisten alikuwa anakaa pale kwenye ncha, na usingizi wake wa ibadani ulijulikana. Mpango ukawa mwepesi: watu wakiinuka kwa Injili, baraza lote linaruka kwa pamoja.

Jumapili hiyo Koko akachelewa. Koko ni bibi yangu, mama yake baba. Siku zote alikaa mbele na bibi wenzake, lakini mbele kulikuwa kumebanana, akaja nyuma.

"Shikamoo, Koko," Godlisten akasema, akainuka kama adabu inavyotaka, akaenda kusimama ukutani. Koko akakaa palepale kwenye ncha.

Nilimwona. Ningeweza kusitisha. Nikajiambia naye atasimama kama watu wengine, wakati magoti yake niliyajua vizuri. Mimi ndiye niliyeyapaka dawa ya kuchua kila jioni. Injili ikatangazwa, tukaruka. Koko akaenda chini na kitenge chake na kitabu chake cha nyimbo, benchi likamfuata.

Hakuvunjika. Kwaya nzima ilicheka. Naye alicheka kidogo, akajikung'uta vumbi. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata tena. Huyu ni mtu aliyekuwa akipiga pasi kitenge cha Jumapili tangu Ijumaa! Alisema ni magoti. Mimi na mama tulijua si magoti.

Mama akanishika mkono mpaka kwa Koko. Tulimkuta anakoroga loshoro, mahindi yake na maziwa mgando, wala hakuniita "mume wangu" kama siku zote.

"Mama," mama akamwambia, "Jumapili unakwenda. Huyu atakaa upande wa pili wa benchi. Watu wakisimama, yeye hasimami."

"Huyu? Huyu hata akilala hatulii."

"Atatulia."

Koko akakoroga, akakoroga. "Basi tukae nyuma kabisa, mimi kwenye ncha ninyooshe magoti yangu. Mbele sipiti tena wakinitazama. Na asijue mtu, hata mwanangu. Sitaki wakumbushwe."

Basi ndivyo nilivyokalia ncha ya benchi. Kanisa zima linasimama, mimi nimekaa kama gunia la mahindi, Koko kule upande wa pili, katikati wenzangu wamesimama. Mzee wa kanisa alinifinya sikio. Dada Elitumaini aliniombea kwa jina, kwa sauti. Godlisten akaninong'oneza, "Oya, umeokoka au umepooza?"

Ikafika Sikukuu ya Mavuno, akaja mchungaji mgeni kutoka mjini. Watu wakainuka. Akafungua kitabu, akainua macho, akakifunga.

"Yule kijana kule nyuma asimame, tuendelee."

Vichwa vyote vikageuka. Baba, upande wa wanaume, akaniashiria kwa kidole: juu! Mama alikuwa kwenye kwaya, akainamisha macho. Jibu nilikuwa nalo, maneno machache tu, lakini kulisema ni kumwangusha Koko mara ya pili mbele ya watu walewale.

"Simama, mume wangu," Koko akaninong'oneza kutoka kwenye ncha yake, ameshika ubao kwa mikono yote miwili. "Nitajishikilia."

Mimi, mwenyekiti wa wenye mizaha, nikashika ubao kama yeye. Nikakaza makalio.

"Watoto wa siku hizi," mchungaji akasema, akasoma.

Sasa tuna viti vyeupe vya plastiki. Kila mtu na miguu yake minne. Wadogo zetu wanakaa na simu mapajani, wakitaka kutoka wanatoka, hakuna anayeyumba. Sisemi ni vibaya. Koko naye anacho chake chenye mikono, wala hanihitaji tena. Ila hawajawahi kuambiwa songeni, na joto la bega la mtu asiye ndugu yao hawalijui. Mabenchi yamebebanishwa nje, yanashushwa kukiwa na msiba tu. Siku hizo huwa nakwenda kukaa kwenye ncha, nasikilizia kama upande wa pili kuna mtu.

Jumapili ile ya mavuno baba alitangulia nyumbani kwa hatua za hasira. Mama alibaki mlangoni akiongea na Koko, kisha akanifikia pale kwenye mfereji. Nikajiandaa kwa kofi. Mama akasema:

"Pitia kwa Koko, anachinja jogoo. Firigisi amesema ni yako. Baba yako ale shingo."