Mfupa Nilioukanyaga Ufuoni mwa Gucha

Mwezi uliopita nilirudi Tabaka kwa gari langu mwenyewe, nikaliacha pale barabara inapokatika, nikateremka kwa miguu hadi mto Gucha. Sitakuficha, rafiki yangu, mimi si mtu mdogo siku hizi. Nilijisomesha kwa kuuza ndizi sokoni Keumbu, nikapata stashahada, na leo kazi yangu ni kupima mifupa ya kale katika maabara Nairobi. Niletee kipande kidogo kama kidole, nitakwambia ni cha mnyama gani. Ni nadra nikosee.

Mfupa wangu wa kwanza niliupata hapo mtoni, nikiwa darasa la sita. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kufua kwetu sisi Wasabato, ili jua likizama pasibaki nguo hata moja kwenye beseni. Mto ulikuwa umefurika kisha ukapungua, ukaacha ufuo wa mchanga mpya. Nilikuwa nikisuuza shuka la nyanya yangu nilipokanyaga kitu cheusi, kizito, chenye urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, ncha yake imevimba kama goti. Kwa utundu wangu nilikilamba pale kilipovunjika, kikanata kwenye ulimi. Sikujua kwamba wataalamu nao hulamba hivyo hivyo.

Nyanya aliugusisha kaa la moto mekoni. "Mfupa wa ng'ombe ungenuka," alisema. "Huu haunuki." Kisha akakataa ulale ndani ya nyumba. Mfupa usiojulikana ni wa nani, alisema, huenda una watu wake wanaoutafuta.

Basi nikaupeleka kwa jirani yetu mchongaji. Kila jioni baada ya shule nilikuwa kwake, kwa maana wanaume walichonga na sisi wasichana tukasugua vinyago vya mawe kwa msasa ndani ya maji, hadi vidole vikakunjamana na vumbi jeupe likatufuata hadi kwenye uji. Aliniita mama, kama mtu anavyomwita binti anayempenda. Aliukwaruza kwa msumari. Jiwe letu la Tabaka ni laini, msumari hulitoa unga, lakini hapa msumari uliteleza.

"Mama, hili jiwe liliwahi kutembea," alisema.

Mwalimu wangu alipouona aliandika barua Nairobi, na jibu likaja kwamba mtaalamu wa mifupa ya kale angepita shuleni. Mfupa ukithibitishwa, ungeandikwa katika daftari pamoja na jina la aliyeuokota. Jina langu, rafiki yangu, Nairobi! Nililiandika mchangani, ukutani, hadi kwenye ganda la ndizi.

"Uache kwangu," mchongaji aliniambia. "Nani ataiba jiwe Tabaka?"

Siku ilipofika alinikabidhi ukiwa umefungwa ndani ya gunia, akanionya nisiufungue njiani. Mtaalamu aliufungua mbele ya shule nzima. Aliugeuza, akatabasamu, akatoa kisu kidogo na kuukwaruza. Unga mweupe ukamwagika mezani.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Nani amechonga?"

Shule nzima ilicheka. Mwalimu, kwa aibu, alinipigisha magoti hadi kengele ya mchana, na hadi namaliza darasa la nane niliitwa Mama Mfupa.

Nilimkuta mchongaji akila viazi. Nikamuuliza kwa nini.

"Mnunuzi wa vinyago aliupenda," alisema. "Alisema bila huo hachukui mzigo wangu. Nikakuchongea mwingine. Siku mbili, mama! Nikaupaka majani ya chai upate weusi. Hata wewe hukutambua."

Alikuwa akingoja nimshukuru. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kicheko cha shule. Kwake mfupa ulikuwa umbo, na umbo alikuwa amenirudishia. Sikusugua tena kinyago chake. Nyanya alisema tu, "Msalimie hata hivyo," nami nikamsalimia miaka yote, bila kumtazama.

Safari hii nilimkuta uani kwake, macho yamefifia. Aliwaambia wajukuu zake, "Huyu mnayemwona na gari, mimi ndiye niliyemfundisha mawe." Nilimuuliza jina la yule mnunuzi. Hakumbuki. Kisha akaniinamia.

"Sasa wewe uliyesoma, mama. Ulikuwa wa mnyama gani?"

"Sijui," nikasema.

"Kumbe," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ufuo wenyewe haupo. Malori yamezoa mchanga wote kwenda kujengea maduka, maji yanapita juu ya mwamba mtupu, na nguo siku hizi zinafuliwa kwenye mifereji ya bomba nyumbani. Nyanya hayupo pia, na kule kufua kwa Ijumaa, mashuka meupe yakianikwa kwenye nyasi zote za ukingo, sijakuona kwingine.

Katika maabara yetu, mimi ndiye ninayeandika daftarini majina ya waliookota mifupa. Huandika polepole, kwa herufi kubwa, na akiwa mtoto namwandika majina yote matatu.