Kadi Mpya Isiyo na Kelele

Kwa fundi wa kompyuta hapa Emali, nilimkuta mwanamume anayehariri video za harusi kule Matiliku akisifiwa kadi ya picha ya kompyuta ambayo haijafika madukani.

"Itakuwa na chipu mbili kwa ubao mmoja," fundi alisema, akibananisha vidole viwili. "Kazi itaisha haraka. Na feni zake hutazisikia kabisa, mzee."

Tabasamu likatoweka usoni mwa yule mhariri.

"Kabisa? Basi wachana nayo. Tangu nimzike mama watoto, ni hizo feni tu zinanguruma nyumbani nikila."

Wanaounda hizi mashine, nadhani, wana wa kuongea nao jioni.

Fundi akanigeukia. "Na laptopu yako?"

Nilikuwa nimeileta kwa sababu ya kelele ya feni. Nikamwambia nimepita tu kusalimia.